Khocha Hacheki

Kabura alikuwa akiuza miche. Kitalu chake kilikuwa nyuma ya nyumba, nje kidogo ya Kitale kwenye barabara ya Kwanza, na wakulima walimjia kutoka mbali kwa sababu kabeji zake hazikufa ovyo zikihamishiwa shambani. Wanunuzi walisimama nje ya geti la mabati. Aliwachungulia kwanza, akawauliza wanataka nini na wameandamana na nani, kisha akawapitishia trei za miche juu ya geti. Wengi walidhani hiyo ndiyo desturi ya biashara yake. Waliomjua walijua kwamba hakupenda kufungua.

Hakuwa hivyo zamani. Mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, alipokuwa akiishi Saboti na mume wake Ngari, kundi la vijana lilifika kwao mchana likiimba. Walikuwa na fimbo na matawi mabichi mikononi. Ngari alidhani wanatoka mkutanoni na wanataka maji ya kunywa, kwa hiyo akafungua. Waliyosema yalikuwa machache: rudini kwenu. Ngari akawauliza, kwa upole wa mtu asiyeelewa, kwao ni wapi zaidi ya hapo. Wakampiga kwa sababu ya swali hilo, na nyumba ikachomwa. Kabura na watoto wake, Rosaline na Wachira, walikimbia katikati ya mabua makavu ya mahindi mpaka barabarani. Ngari aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, lakini mbavu zake hazikurudi sawa, na siku alipozikwa Kabura alijua anazikwa kwa sababu ya mchana ule.

Kundi lile hakuwahi kujua lilikuwa la akina nani. Wengine walisema hawa, wengine walisema wale. Angelijua, labda angewaogopa hao tu. Kwa kuwa hakujua, aliwaogopa wote.

Kisha Rosaline akaolewa Bungoma. Mume wake, Makokha, alikuwa Mbukusu na mwalimu wa shule ya msingi, kijana mtaratibu aliyekunywa chai bila kutoa sauti, na Kabura hakupata sababu ya kumkataa. Lakini akawa na hofu mpya, ya kuwa na damu yake mahali asipopajua. Kanisa lilipoanzisha mpango wa ujirani, ulioitwa Jirani na Jirani, alijiandikisha miongoni mwa wa kwanza. Hakufanya hivyo kwa ushujaa. Alitaka kujua mjukuu wake atalelewa na watu wa aina gani.

Kundi lilikutana kila Alhamisi katika ukumbi wa kanisa. Walikuja Wasabaoti wa upande wa mlimani, Wabukusu, Wakikuyu kama yeye, wanawake wa Kiturkana waliokaa mitaa ya pembeni ya mji. Mratibu alikuwa msichana aitwaye Jerono, aliyevaa miwani na kuongea haraka. Walijifunza kutotumia majina ya dharau, hata kwa utani. Walitembeleana. Wenye nyumba za kupangisha waliokataa watu kwa sababu ya kabila walifuatwa na kuzungumzishwa. Kabura mwenyewe alimsindikiza mama mmoja wa Kiturkana kwa mwenye nyumba aliyekuwa amemwambia vyumba vimejaa, akakaa kwenye ngazi ya mtu huyo akizungumza kwa adabu mpaka chumba kikapatikana. Jerono aliisimulia habari hiyo kwa wageni wote waliokuja kukagua mpango. Kabura akawa ndiye anayewakaribisha wanachama wapya. Kila mara aliwafundisha jambo lilelile: mtu akija kwako, tabasamu kwanza, maneno yafuate.

Halafu Alhamisi ikiisha alirudi nyumbani na kupitisha miche juu ya geti.

Mwezi wa Juni mwaka 2024, Phelista Nekoye alikuja kumtembelea. Phelista alikuwa mama yake Makokha, mjane mnene mwenye kicheko cha karibu, ambaye marehemu mume wake alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi cha Webuye mpaka kilipofungwa. Yeye na Kabura walipendana kwa namna ya watu wanaochekana. Phelista alimcheka Kabura kwa kusema chakura, Kabura akamcheka Phelista kwa kusema habali, na Wachira, aliyekuwa na duka la vipuri vya pikipiki mjini, aliwaambia kwamba baina yao wana herufi za kutosha, ila kila mmoja amebeba za mwenzake.

Siku hiyo Phelista hakukawia kusema kilichomleta.

“Mkwe wangu, Walubengo anaingia Agosti hii.”

Walubengo alikuwa mtoto wa kwanza wa Rosaline, mvulana wa miguu mirefu na maneno machache.

“Anaingia wapi?”

“Kutahiriwa. Mwaka ni wetu huu, tunakata mwaka mmoja, tunaruka mmoja. Mtoto amesema mwenyewe, hakuna mtu amemsukuma.”

“Si apelekwe tu hospitali? Sisi wetu tunawapeleka Desemba, wanarudi nyumbani wakitembea kama bata, inaisha.”

“Mkataji ni mtu anajua mambo ya usafi, hiyo usiogope. Lakini kuna mambo hospitali haiwezi. Lazima aende kwa khocha.”

“Ndiyo nani huyo?”

“Mjomba. Ndugu ya mama yake.” Phelista akamwelekezea kidole Wachira, aliyekuwa ameingia kuchukua chai. “Huyu.”

Wachira akatabasamu mpaka masikioni. “Mimi? Mimi ni khocha?”

“Na ndio shida yako inaanzia hapo,” Phelista alisema. “Khocha hacheki.”

Akawaeleza. Siku moja kabla ya kutahiriwa, mvulana anaenda kwa ndugu ya mama yake na watu wake wote, akipiga njuga za chuma mikononi, wakiimba. Mjomba anachinja ng'ombe. Anamwangalia mvulana kama mtu aliyemwibia kuku. Anamuuliza yeye ni nani, amekuja kufanya nini hapo, na kama anaogopa arudi kwa mama yake. Anampiga kofi. Kisha anamvalisha shingoni ukanda mrefu wa nyama ya kidari, na mvulana anarudi kwao nao ukining'inia kifuani ili kila mtu aone kwamba watu wa mama yake wamemkubali. Asubuhi yake anasimama mbele ya kisu.

“Kofi la kweli?” Wachira aliuliza.

“Kofi la mjomba.”

“Na asipopata hiyo nyama?” Kabura aliuliza.

Phelista akaweka kikombe chini. “Atasimama na shingo tupu. Watu wataona. Watasema mama yake hana kwao, aliokotwa. Mtoto atasikia hiyo maneno mpaka azeeke, na Rosaline pia. Mkwe, sikuambii hivi kukutisha.”

“Mtakuwa watu wangapi?”

“Tutajaza lori.”

“Rori,” Kabura alisema, bila kucheka.

“Hiyo tu. Itatuacha hapo kwa stendi, tukuje na miguu tukiimba. Na usitupikie chai. Na tukitukana, usijibu na roho mbaya. Lazima waseme khocha ni mchoyo, ng'ombe yake ni panya. Ni wimbo tu.”

Phelista alipoondoka, Kabura alienda kumwagilia maji kitalu ambacho kilikuwa kimekwisha kumwagiliwa. Aliona lori. Aliona watu wakishuka humo wakiimba, wana matawi na fimbo, wakija mchana kwenye geti lake na jina lake midomoni. Hakuna aliyekuwa amemkosea. Hilo ndilo lililomsumbua, kwamba hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Kulikuwa pia na Gathii. Gathii alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwenye duka la chakula cha mifugo, na yeye pia alikuwa ametoka Saboti mwaka ule. Hakuwa mwanachama wa Jirani na Jirani. Alisema hahitaji kufundishwa kusalimia. Kabura alipomweleza habari za Agosti, aliendelea kupima pumba kama hakusikia.

“Na wataimba,” Kabura akamalizia. “Watatutukana kidogo. Lakini ni mimi wanatukana, si wewe.”

“Mama Rosaline, watu wakiwa wengi hivyo wanajua kweli ni nani wanatukana?”

“Ni desturi yao.”

“Hata ile ingine ya Saboti waliita desturi, labda. Wewe una mjukuu huko. Mimi nina madirisha.” Akafunga mdomo wa gunia. “Sitafanya chochote. Lakini nikisikia umepiga kelele, nitakuja, na sitakuja nikiwa mikono mitupu.”

Maneno hayo yangemfariji mtu mwingine. Kabura aliondoka bila kuaga. Sasa alikuwa na makundi mawili ya kuogopa.

Alhamisi iliyofuata alibaki ukumbini wenzake walipoondoka, akamweleza Jerono. Jerono, aliyewaita bibi wote shosho, alivua miwani na kuifuta.

“Shosho, hii ni kitu nzuri sana. Hii ndiyo kazi yetu yenyewe. Lakini kama una wasiwasi, naweza kuongea na chifu, tupate askari wawili wasimame tu hapo karibu. Bila fujo.”

“Ndiyo,” Kabura alisema, kabla Jerono hajamaliza. “Ndiyo, mwanangu. Wawili.”

Wiki hiyo alilala vizuri. Kisha akampigia Rosaline simu kumjulia hali, na kwa wepesi wa mtu aliyepata nafuu akamtajia askari. Rosaline akasema atampigia baadaye. Jioni Phelista akapiga mwenyewe.

“Mkwe. Nimesikia kuna askari.”

“Ni wa kusaidia tu. Watu wakiwa wengi—”

“Wasaidie nani?”

Kabura aliihamishia simu kwenye sikio la pili.

“Mimi si mtu wa kukasirika,” Phelista alisema polepole. “Lakini fikiria wazee wa huku wakifika kwa khocha wapate bunduki. Watageuka. Na wakigeuka hawarudi tena, hata kwa mazishi. Kama ni ngumu, sema. Tutamtafutia mtoto mjomba wa kuazima. Kuna mama Mkikuyu hapa Bungoma ana kaka, nimesikia alimsaidia mwingine.”

“Mjomba wa kuazima?”

“Ni bora kuliko shingo tupu.”

Kabura aliiona shingo ya Walubengo, nyembamba, yenye alama ndogo ya kuzaliwa chini ya sikio ambayo Ngari pia alikuwa nayo, na ndugu wa mtu mwingine akiivalisha nyama. Alisema hakutakuwa na askari. Sauti yake ilitoka imara kiasi kwamba yeye mwenyewe alishangaa. Asubuhi alimwomba Jerono amwambie chifu wameghairi. Usingizi wake ukaisha hapo.

Mwezi wa Julai ulipita akiwa anahesabia moyoni kila kitu kinachoweza kuharibika. Wachira naye alijifunza kukunja uso. Alisimama mbele ya kioo cha kabati akiliuliza kabati ni nani na amekuja kufanya nini, na mara zote mdomo wake ulimponyoka.

“Wewe uso wako ni wa kuuza,” Kabura alimwambia. “Umeuzoeza vibaya.”

“Nifikirie nini, Mami? Deni?”

“Fikiria mtu anarudisha kabureta amelitumia wiki nzima anasema lilikuwa bovu.”

Uso wa Wachira ukabadilika papo hapo. Wakacheka wote, na kwa muda Kabura aliamini mambo yataenda.

Siku yenyewe ilikuwa na mawingu. Dume dogo lilichinjwa asubuhi nyuma ya nyumba, na Wachira akabaki huko na mchinjaji kuukata ukanda wa kidari jinsi Phelista alivyoagiza, mrefu, usiokatika. Wageni walitarajiwa alasiri. Kabura alizunguka. Alifunika miche kwa magunia. Alipika chai, akakumbuka, akaificha chini ya meza. Upande wa pili wa ukuta aliona kwamba Gathii hakuwa amefungua duka. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki pamoja na wanawe wawili wakubwa, na rungu limelazwa magotini kama gazeti.

Lori lilikuwa limekimbia kuliko ilivyodhaniwa. Saa sita haijafika, Kabura akiwa peke yake uani, alizisikia njuga.

Mwanzoni zilikuwa mbali, kama mtu anayegonga vijiko. Kisha zikaja na sauti za watu juu yake, sauti moja ikiongoza na nyingi zikiitikia, na chini ya hizo miguu. Alitaka kumwita Wachira. Badala yake akaenda getini. Alichungulia kwenye tundu la geti na kuona barabara imejaa. Matawi mabichi. Fimbo zikipanda na kushuka. Vumbi. Vijana vifua wazi mbele, na katikati yao mwili mmoja uliopakwa unga wa nafaka kuanzia kichwani, usio na uso wa mtu anayemjua.

Walifika getini na kuanza kulipiga kwa fimbo, kwa kufuata wimbo. Mabati yakamtetemekea viganjani. Hakuelewa maneno, ila lile moja lililorudiwa, khocha, khocha, na kicheko baada yake. Kwa akili alijua ni akina nani. Mwili wake haukujua. Mwili wake ulikuwa Saboti, na Ngari alikuwa anatembea kuelekea getini akidhani wanataka maji.

“Mnataka nini kwangu?” alipiga kelele.

Sauti ilikuwa kubwa, kavu, si yake ya Alhamisi. Wimbo ukakatika.

“Nimewakosea nini? Sina kitu chenu hapa. Ondokeni.” Aliyasukuma mabati kwa viganja viwili. “Rudini kwenu.”

Alilisikia likitoka. Alitamani kulirudisha mdomoni. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mtu neno hilo, na Alhamisi ngapi alikuwa amewaeleza wengine linafanya nini ndani ya anayeambiwa.

Ng'ambo ya geti kundi zima likalipuka kwa furaha. Wanawake walipiga vigelegele, fimbo zikapanda juu, na mzee mmoja akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuridhika, “Hii ndio nyumba ya khocha. Mtoto, umesikia? Jibu.”

Phelista alitokea katikati ya watu, akamshika mvulana mabegani kwa nyuma na kumsukuma mpaka uso wake ukawa umbali wa kiganja kutoka kwenye tundu. Unga ulikuwa umepasuka pembeni mwa macho. Kabura akayaona macho hayo yalivyo mapana. Mtoto alikuwa anaogopa kama yeye.

“Sirudi,” Walubengo alisema. Sauti yake ilikuwa ya kukatika katikati, nusu ya mtoto na nusu ya mtu mwingine. “Hapa ni kwa mama yangu.”

Wakati huo geti la Gathii liligonga ukuta. Alikuwa ametoka na rungu, wanawe nyuma yake, na mmoja alikuwa na panga. Alikuwa amesikia alichosikia: mwanamke mjane akiwaambia watu waondoke. Vijana wa kundi waliwaona. Wimbo haukurudi. Wale wenye fimbo za kuimbia walizishika kwa namna nyingine, karibu na kifua.

“Mama Rosaline amesema mwende,” Gathii alisema.

“Tumesikia,” kijana mmoja akajibu. “Amesema na sisi. Wewe ni nani hapa?”

Kabura alikuwa na ufunguo kwenye kamba shingoni. Ufunguo uligonga kufuli, ukateleza, ukagonga tena, na kila alipokosa alisikia nje watu wakisogea. Ulipoingia alilivuta geti kwa mikono miwili hadi likalala ukutani, likiwa wazi kabisa jinsi ambavyo halikuwahi kuwa tangu litiwe bawaba. Akatoka barabarani, akasimama baina ya Gathii na mvulana.

Hakujua la kusema ambalo Gathii angeamini. Kwa hiyo akamgeukia mvulana na kumpiga kofi.

Halikuwa kubwa. Unga uliruka shavuni. Walubengo hakupepesa.

“Wewe ni nani?” Kabura alimuuliza.

“Walubengo wa Makokha.”

“Umekuja kufanya nini kwangu?”

“Kuchukua nyama yangu.”

“Unaogopa?”

Mvulana akafikiri. Watu wakangoja.

“Siogopi,” akasema, na Kabura akajua ni uongo, na kwamba ni uongo anaopaswa kusema.

“Ingia basi,” akamwambia. Halafu, bila kumtazama, akamwambia Gathii kwa Kikuyu kwamba huyu ndiye mtoto wa Rosaline, na amtazame chini ya sikio. Gathii alitazama. Hakulitupa rungu. Alilishusha tu mpaka likagusa ardhi, akawaambia wanawe warudi ndani.

Wachira alikuja mbio kutoka nyuma akiwa na damu mpaka viwikoni na ukanda wa nyama mikononi, na hofu ilikuwa imemnyima kabisa tabasamu lake. Kila mtu alikubali kwamba hawajaona khocha mwenye uso mbaya kama huo upande wa Kitale. Aliuliza maswali yake, akapiga kofi lake, akaivalisha shingo. Nyama ilimfika Walubengo magotini. Watu waliimba, wakamtukana Wachira na ng'ombe wake, na wakajaa uani mpaka Kabura hakuona tena magunia aliyofunikia miche.

Jambo moja Phelista hakuwa amelisema. Walipokuwa wakijiandaa kuondoka alimvuta Kabura kando.

“Mkwe, njia ya nyuma iko wapi?”

“Njia gani?”

“Hawezi kurudi na ile amekuja nayo. Ni mwiko. Anapita ingine.”

Uani hapakuwa na njia nyingine. Nyuma kulikuwa na kitalu, na baada ya kitalu ukuta, na mlango pekee katika ukuta huo ulikuwa mdogo wa mbao, uliomilikiwa na Gathii na kuelekea uani kwake. Mvulana alikuwa amesimama na nyama yake, akipiga njuga taratibu mahali pamoja. Wazee walitazama huku na huku.

Kabura alikwenda mwenyewe. Gathii alikuwa amerudi kwenye kiti chake cha plastiki.

“Wanaomba wapite kwako.”

“Wote?”

“Wote.”

Gathii alitazama sakafu ya uani kwake, iliyofagiliwa. “Si kuna barabara?”

“Hawawezi kurudi na njia waliyokuja nayo. Mtoto ataharibikiwa.”

“Sisi turudi kwetu, wao hawawezi kurudi na njia yao,” alisema, na Kabura hakuelewa kama huo ulikuwa utani. Njuga zilikuwa zinasikika kupitia ukutani. Mwishowe akatoa shada la funguo mfukoni, akamkabidhi. “Fungua wewe. Mimi nitasimama kwa dirisha.”

Walipita mmoja mmoja kwa sababu mlango ulikuwa mdogo, wakiinama, na kwa kuinama waliimba kwa sauti ya chini kidogo. Kila aliyepita mbele ya dirisha aliposimama Gathii aliinua tawi lake kumshukuru. Gathii hakuinua mkono. Lakini Kabura aliyekuwa ameshika mlango alimwona akihesabu madirisha yake kwa macho, moja baada ya jingine, na alipofika la mwisho akakaa chini. Miche ya mistari miwili ya kwanza ilikuwa imekanyagwa ikalala.

Asubuhi Kabura aliketi na simu mapajani. Hakunywa kitu. Rosaline alipopiga, alikuwa analia na kucheka, na nyuma yake kulikuwa na kelele nyingi.

“Amesimama, Mami. Hajatikisika hata kidogo. Hata kope.”

Kisha Phelista akaichukua simu.

“Mkwe, huku wanakusifu. Wanasema hata shosho wa huyo mtoto ni simba. Yale maneno uliyosema pale getini, wazee wameyarudia usiku wote.”

“Phelista,” Kabura alisema. “Mimi sikuwa nacheza.”

Kelele za nyuma zilipungua, kama mtu anayetembea kuziacha.

“Najua. Niliona jicho lako kwa hiyo tundu. Ndio nikamsukuma mtoto mbele. Nilisema akimwona uso, atafungua.”

“Na kama singefungua?”

“Ulifungua.”

“Lakini kama singefungua. Gathii alikuwa na watoto wake pale. Wenu walikuwa na fimbo.”

Kabura alisikia pumzi yake, na mbali zaidi, mtu akicheka.

“Kama hungefungua sijui,” Phelista alisema. “Hiyo mimi pia niliiogopa njia yote tukikuja. Sikutaka kukuambia.”

Kabura akainuka, akatoka na simu mpaka kwenye miche iliyokanyagwa.

“Wewe kuja siku moja uniambie ya Saboti,” Phelista akasema baadaye. “Rosaline hunipa nusu nusu. Halafu utayarishe Gathii mapema. Kuna mdogo wake Walubengo, ameanza kuuliza.”

“Mwaka gani?”

“Ule wa mbele wa zamu yetu, ama ule mwingine. Akisema yuko tayari.”

“Nataka kujua ni upi,” Kabura alisema. “Nitahitaji muda.”